Fundi jipsamu na fundi umeme: nani aingie kwanza ukutani?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Tumenunua nyumba ya zamani Tabata, ya matofali ya saruji. Plasta ya sebuleni imeharibika, tunataka kuvalisha kuta bodi za jipsamu. Pia kuna chumba kikubwa tunataka kukigawa viwili kwa ukuta wa jipsamu. Fundi jipsamu anasema yeye afunge kwanza, fundi umeme atatoboa baadaye. Fundi umeme anasema akikuta bodi zimeshafungwa hagusi kitu. Wote wameshachukua advansi. Nani atangulie?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mafundi wako wote wawili wana hoja, na ukimfuata yeyote kati yao peke yake utapata hasara. Jipsamu akifunga kila kitu halafu ndipo umeme uje, utalipia kufumua. Umeme naye akitaka amalize yote kabla jipsamu hajaleta hata chaneli za fremu, hana pa kufungia maboksi yake, maana ukuta wa kugawa chumba bado haupo.

Kazi hii wanaingia kwa kupokezana. Kwenye ukuta wa kugawa chumba, jipsamu anasimamisha fremu na kufunga bodi upande mmoja tu. Umeme anaingia, analaza paipu, anafunga maboksi, anavuta nyaya na kupima. Mnapiga picha. Jipsamu anarudi kufunga upande wa pili. Umeme anapima tena. Skimu (ile puti laini ya kusawazisha bodi) na rangi zinapita, ndipo soketi na swichi zinafungwa. Kwenye kuta za sebule ni hivyo hivyo, ila pale hakuna upande wa pili: zinapigwa mbao kwanza, umeme unapita, bodi zinafuata.

Kabla sijaenda mbali: hiyo plasta imeharibika kwa sababu gani? Kama inabanduka kutoka chini kwenda juu na inatoa unga mweupe wa chumvi, ukuta wako unanyonya maji ya ardhini, na bodi ya jipsamu itayanyonya pia. Kama doa linaanzia juu, tafuta bati linalovuja. Kama limejitenga karibu na bafu, kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta. Maliza hilo kwanza. Ukuta wenye unyevu ukifunikwa, baada ya masika moja utaona bodi zinavimba chini, na maboksi ya chuma yaliyo nyuma yake yatakuwa yanaliwa na kutu bila mtu kujua. Hata ukuta ukiwa mkavu, mwambie fundi aache nafasi ya sentimita moja kati ya bodi na sakafu, asiisimamishe juu ya tailizi. Ile nafasi itafichwa na skatingi, ule ukanda unaofungwa chini ya ukuta. Na kwa kuwa ni mbao zitakazokaa gizani, ziwe zimepigwa dawa. Mchwa wa Dar hawahitaji mwaliko.

Sasa tuje kwenye kuta za sebule, kwa sababu hapo ndipo kauli ya "atatoboa baadaye" inapokwama.

Maboksi ya soketi uliyonayo sasa yako usawa wa plasta ya zamani. Fundi jipsamu akipiga mbao za moja kwa mbili kwa ubapa, anausogeza ukuta mbele milimita 25. Akiongeza bodi ya milimita 12, uso mpya wa ukuta umetoka milimita 37 mbele ya boksi. Atatoboa bodi mahali boksi lilipo, kweli, na utaliona boksi kule ndani. Lakini skrubu za kawaida za soketi hazifiki. Hapo fundi mwenye haraka hutafuta skrubu ndefu, anakaza, soketi inakaa vizuri na wewe unaridhika. Kilichobaki nyuma ni uwazi wa karibu vidole viwili ambamo nyaya na maungio yake ziko nje ya boksi, kati ya mbao na karatasi ya bodi. Waya ukilegea pale na kuanza kuchoma, hakuna chuma cha kuuzuia. Boksi lipo ili kuufungia moto huo ndani, na wewe umeliacha nyuma.

Kuna jambo la pili ambalo huwa halisemwi mpaka siku ya kufunga. Nyaya za zamani zilikatwa kwa kipimo cha ukuta wa zamani. Ukuta ukisogea mbele, hazifiki. Fundi ataunga vipande, atazungushia tepu nyeusi, atavisukuma ndani. Kataa. Muungano wowote wa waya unatakiwa uwe ndani ya boksi linaloweza kufunguliwa, na hapa halipo.

Kwa hiyo maboksi ya zamani yasogezwe mbele, au yafungwe mapya, kabla ya bodi. Hesabu inakubali vizuri kabisa: boksi la kina cha milimita 35 linaenea ndani ya zile 37 bila hata kuchimba tofali. Fundi umeme anapiga kipande cha mbao kati ya mbao mbili zilizosimama, anafunga boksi hapo, mdomo wake ukitokeza milimita 12 mbele ya mbao, yaani unene wa bodi. Jipsamu akija, anakata tundu linalolingana na boksi, na uwazi pembeni usizidi milimita tatu. Ukitaka boksi la milimita 47 kwa ajili ya swichi kubwa ya jiko au ya shawa ya umeme, hapo patahitaji kuchimba tofali kidogo. Bora kujua leo, kabla vumbi halijapakwa rangi.

Na maadam kuta ziko wazi, badilisha nyaya. Najua bajeti, lakini nyumba ya zamani yenye nyaya nyekundu na nyeusi, mara nyingi taa zake hazina arthi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kabisa, na hutapata tena nafasi ya kuzifikia kwa gharama hii. Mara nyingi paipu za zamani zilizomo ndani ya tofali bado zinafaa. Fundi anafunga waya mpya kwenye ule wa zamani na kuuvuta. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 inavuta takriban ampea 24, kwa hiyo ipewe laini yake peke yake ya waya wa 6 na breka yake. Ukiacha baadhi ya nyaya za zamani, hakikisha fundi ameziwekea alama kwenye DB (lile sanduku la breka): rangi mpya ni kahawia kwa laivu (waya unaoleta umeme), bluu kwa nyutro (waya unaourudisha), kijani-njano kwa arthi, na mtu atakayefungua boksi miaka ijayo asije akabahatisha.

Ukuta wa kugawa chumba una mambo yake. Fremu yake ni chaneli zilizofungwa sakafuni na juu, na stadi za bati zilizosimama kati yake kila baada ya sentimita 40 au 60. Mwulize fundi wako atatumia stadi za unene gani. Nitakuonyesha kwa nini nataka za milimita 70.

Skrubu nyeusi ya jipsamu ina urefu wa milimita 25. Bodi inakula 12. Zinazobaki 13 zinaingia kwenye stadi na kutokezea ndani, zikiwa na ncha inayotoboa bati, sembuse paipu ya plastiki. Pigo hilo hulisikii. Drili inalia vilevile, bodi inakaza vilevile, na skrubu imepita katikati ya waya. Sasa paipu ya umeme ina unene wa milimita 20. Ukiilaza katikati ya stadi ya 70, kila upande unabakiwa na milimita 25, na ncha ya skrubu haifiki. Kwenye stadi ya 50 inabaki 15 tu kila upande. Ni salama kwenye karatasi, lakini fundi akiilaza paipu kwa kuiegemeza upande mmoja, mchezo umekwisha. Kwa stadi za 50 nataka kuona paipu imefungwa katikati kwa vibanio, si kuachwa ikining'inia.

Matundu ya kupitishia nyaya kwenye stadi za bati huwa yameshatobolewa kiwandani, lakini kingo zake ni kali. Waya uliovutwa humo bila paipu wala mpira wa kukinga ukingo unachunika ganda, na fremu nzima inaweza kuwa na umeme kutoka kona hadi kona. Mtu ataigundua siku atakapotoboa ukuta kutundika picha. Ndiyo maana kwenye DB yako lazima kuwe na RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapoanza kuvuja. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Mtu anayeshika bati lenye umeme hailengi kumwokoa.

Paipu zipite wima au mlalo, zikilingana na soketi au swichi. Kamwe zisipite mshazari, hata kama fundi anaona anaokoa mita moja ya waya. Mpangaji au mwanao akitaka kupiga msumari baadaye, ataangalia soketi iko wapi na kukwepa mstari ulio juu yake. Waya uliopita mshazari haukwepeki. Kwenye kuta za sebule zilizopigwa mbao, njia nzuri ni kushuka moja kwa moja kutoka darini, kati ya mbao na mbao, kwa sababu ndani ya ule uwazi wa milimita 25 paipu haina pa kuikwepa skrubu. Kama ni lazima paipu ivuke mbao, mahali pale pawekwe kipande cha chuma kinene mbele yake, kisha jipsamu aonyeshwe asipige skrubu.

Soketi za vyumba viwili vinavyopakana, tuseme cha wageni na cha watoto, zisipachikwe mgongo kwa mgongo kwenye uwazi mmoja wa stadi. Sauti inapita humo kama dirishani. Zipishane walau stadi moja.

Lakini kabla ya mafundi wote wawili, wa kwanza kuingia ni wewe. Mafundi hawawezi kujua kitanda kitakaa wapi. Kabla ya mbao ya kwanza kupigwa, ingia kila chumba na chaki au tepu ya karatasi, na uweke alama ukutani na sakafuni: kitanda hiki hapa, kabati hapa, mlango unafungukia huku. Swichi iliyofichwa nyuma ya mlango wazi ni kazi ya kufumua bodi. Weka alama ya pasi, ya friji, ya ruta ya intaneti, ya feni ya ukutani. Halafu jiulize mahali pa TV, kwa sababu TV inagusa mafundi wote wawili: bodi ya jipsamu peke yake haibebi bano la TV kubwa. Nyuma yake pafungwe plaiwudi au mbao pana kabla ya bodi, na paipu za umeme zipite kando yake, wala si nyuma yake, la sivyo boliti za bano zitazikuta. Soketi za TV ziwe juu, nyuma ya kioo, na kutoka hapo ishuke paipu tupu ya milimita 25 yenye kamba ndani, kwa ajili ya nyaya za king'amuzi na intaneti. Paipu hiyo isichanganywe na ya umeme. Ni paipu ya bei ndogo sana, na ndiyo itakayokuokoa ukibadilisha king'amuzi.

AC nayo iamuliwe sasa, hata kama utainunua mwakani. Ya BTU 12,000 haili umeme mwingi hivyo, lakini inahitaji laini yake, swichi yake ya kukatia, mabomba ya shaba, na bomba la maji lenye mteremko wa kuelekea nje. Mteremko huo ukisahauliwa, maji yatashuka ndani ya jipsamu mpya.

Sasa kipimo. Mtu akiniambia ana fedha za kusimamia jambo moja tu katika ukarabati huu, namwambia asimamie hili.

Fundi umeme awe na megga. Tester ya bisibisi haitoshi, na kuwasha taa ukaona inawaka hakutoshi pia. Waya uliochubuka utawasha taa vizuri tu. Megga inapeleka volti 500 kwenye nyaya na kuangalia kama umeme unavuja kati ya laivu na nyutro, kati ya laivu na arthi, na kati ya nyutro na arthi. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyumba kama yako ni megaohm 1, lakini waya mpya usio na kidonda husoma mamia. Afanye hivyo kila laini, nyaya zikiwa hazijaungwa na kifaa chochote, na aandike namba. Ndipo jipsamu afunge. Bodi zikishafungwa, na kabla ya skimu, apime tena laini zile zile.

Kama laini ya soketi ilisoma mamia wiki iliyopita na leo inasoma karibu na sifuri, kuna skrubu ndani yake, na hakuna haja ya mafundi kugombana nani kaharibu. Bodi moja inafunguliwa, waya unavutwa upya, jioni imeisha. Kosa lile lile likigunduliwa baada ya rangi, utakuwa na watu wawili wanaonyoosheana vidole na ukuta mzima wa kukisia.

Picha zipigwe kabla ya kufunga, kila ukuta, mchana, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni na nyingine kutoka kwenye kona, ili zionekane namba. Picha isiyo na kipimo ni kumbukumbu ya harusi. Jitumie kwenye barua pepe, kwa sababu simu huibiwa.

Usalama wakati wa kazi: laini zote zinazopita kwenye kuta zinazofanyiwa kazi zikatwe kwenye DB, na ncha za nyaya zifungwe kwa konekta. Kuzima meni swichi asubuhi na kuiwasha mchana ili jipsamu atumie drili ndiko kunakoumiza watu. Mpatie laini moja ya muda, inayotoka kwenye breka yake na RCD, aitumie yeye. Na nyumba ya zamani haiaminiki kwa kuangalia tu: waya ambao kila mtu anasema umekufa upimwe kabla ya kuguswa.

Baada ya kipimo cha pili, kazi ni nyepesi. Kabla ya skimu, maboksi yajazwe magazeti au nailoni, la sivyo yatajaa puti na fundi umeme atatumia nusu siku kuchokonoa, huku akichubua nyaya. Soketi na swichi zifungwe rangi ikiwa imekauka kabisa. Mafundi rangi wanapenda zifungwe mapema ili waone mwanga, na matokeo yake utayaona kwenye kila soketi ya nyumba mpya Dar: madoa meupe pembeni na matundu yaliyozibwa.

Darini usisahau. Kama unafunga pia siling ya jipsamu yenye taa za mkanda wa LED, vile visanduku vya kubadilisha umeme wake ndivyo huharibika kwanza. Viwekwe mahali mkono unafika, si nyuma ya bodi iliyopigwa skimu.

Tuishie kwenye advansi, maana hapo ndipo una nguvu iliyobaki. Waite wote wawili siku moja, pale pale nyumbani. Usikubali mmoja aje asubuhi na mwingine jioni. Mwambie fundi umeme akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiyekuwa nayo asishike kazi hii, na ukitaka baadaye kwenda TANESCO kuomba kuongezewa umeme, watataka kazi yenye muhuri wa mwenye leseni. Kisha andikeni karatasi moja. Malipo ya jipsamu: sehemu akisimamisha fremu na kufunga upande mmoja, sehemu akimaliza kufunga, baki baada ya skimu. Malipo ya umeme: sehemu nyaya zikishavutwa na kipimo cha kwanza kuandikwa, baki siku soketi ya mwisho inapofanya kazi. Hakuna bodi ya upande wa pili, wala ya kuta za sebule, kufungwa bila sahihi ya fundi umeme kwamba amepima, na bodi ikifungwa bila sahihi hiyo, gharama ya kufumua ni ya aliyeifunga. Fundi umeme naye aandike kwamba atarudi si chini ya mara tatu na nauli zake zimo kwenye bei, kwa sababu safari ya tatu ndiyo anayoomba pesa ya ziada.

Kama mmoja wao akikataa karatasi hiyo, mdai advansi yake sasa, kabla hajaleta mbao.